Kobe wametoka chini ya mkilifi, jembe liwekwe chini

Mwezi huu nimeziweka kando barua za kuku na mbuzi. Masika yameshuka, na masika yakishuka hapa Malindi wasomaji wa safu hii huniandikia habari moja tu: kobe. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaikalia kitako, maana wengi mmeuliza hayo hayo kwa maneno tofauti. Zilizobaki tutakwenda nazo mbio mbio.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo babu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Maweni hapa Malindi. Marehemu baba mkwe alituachia kobe wawili uani, wale wenye gamba la manjano na mapaku meusi. Dume alikufa mwaka juzi, akabaki jike peke yake. Juma lililopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikatoka kufagia, nikaona nusu ya limau inatembea. Kuinama, ni kobe, ana udongo puani! Mpaka adhuhuri tulikuwa tumeokota wanne, wote wametokea chini ya mkilifi, kwenye kitundu kinachoingia vidole viwili. Hata hatukujua kama kuna mayai.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema niwatie kwenye boksi na balbu ya umeme kama vifaranga. Mama mkwe anasema niwape mkate na maziwa. Mume wangu anataka kufukua aone kama wamebaki wengine. Na mwanangu mkubwa ameniuliza swali lililonishinda: dume alikufa, hawa baba yao ni nani? Mama yao mwenyewe anawapita kama hawajui. Nisaidie babu, nisije nikawaua.

Mama wa Maweni

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa wageni.

Nianze na mumeo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jembe. Mwambie aliweke chini. Huenda kweli wamebaki wengine, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kutofukua. Kobe wa shimo moja hawatoki kwa pamoja kama abiria wa feri. Mmoja hutoka leo, mwingine kesho kutwa, mwingine wiki ijayo mvua ya pili ikishalainisha udongo. Aliyebaki chini huenda ametoboa ganda na anapumzika. Huna la kumsaidia.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilimuua mmoja kwa huruma. Nilikuwa ndiyo kwanza nimestaafu kazi ya mifugo, mikono bado inawasha kwa kuvuta ndama. Nikaona udongo umepasuka karibu na kichaka cha asumini, nikafukua kwa kijiko cha chai, nikakuta yai limetoboka na pua imechomoza. Juu ya pua ile palikuwa na kijino cheupe, kidogo kama punje ya chumvi; ndicho wanachotobolea, na baadaye hudondoka chenyewe. Nikangoja saa nzima. Pua ile ile, pahali pale pale. Nikasema huyu amekwama. Nikaanza kumenya ganda kama ninavyomenya yai la kuchemsha. Ndani nikamkuta amekunjwa kama sambusa, gamba la tumbo limejipinda katikati, na kitovuni ananing'inia mfuko wa manjano mkubwa kama zabibu. Ule ni mabaki ya kiini cha yai. Alikuwa bado anaufyonza, ndiyo chakula chake cha siku za mwanzo. Mfuko ukanasa kwenye ganda, ukachanika. Alikufa kabla ya magharibi, kiganjani mwangu, na mke wangu akaniambia neno ambalo sitaliandika kwenye gazeti.

Mtoto wa kobe akishatoboa hukaa ndani ya ganda lake siku nzima, mara nyingine mbili na zaidi. Anamaliza kiini, anajikunjua, kitovu kinafunga. Sisi tuliozoea ndama tunaona ni uzembe, maana ndama ukimchelewesha hufa. Huyu ukimharakisha ndiyo hufa.

Sasa umeniambia hamkujua kama kuna mayai. Si ajabu. Watu wana msemo wao, ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Wa kwenu hakuwa anatunga sheria, alikuwa anataga. Jaribu kukumbuka mwaka jana, kama hukumwona siku moja amesimama pale chini ya mkilifi muda mrefu, mgongo ameuelekezea ukuta, na nyuma yake pamelowa kama mtu amemwaga maji ya kuoshea vyombo. Jike huchimba kwa miguu ya nyuma tu, mguu huu halafu ule, bila kugeuka kutazama, na udongo ukiwa mgumu huulainisha kwa maji anayoyatoa mwilini mwake. Akishataga hurudisha udongo kwa miguu ile ile, kisha hujiinua na kujibwaga, hujiinua na kujibwaga, anaushindilia kwa gamba la tumbo. Akimaliza, hata mwenye nyumba anapita juu yake na ndoo asijue. Mayai yake ni meupe, magumu, ya mviringo, ukiyaona utadhani mipira ya tenisi ya mezani. Mara nyingi huwa kati ya matano na ishirini hivi kwa shimo moja. Kwa hiyo wanne si lazima wawe wote, ingawa mengine huwa hayana kitu ndani.

Hapo ndipo watu wanapopotea kwenye hesabu. Kuku ni siku 21. Kasa wa baharini ni miezi miwili hivi. Kobe wa madoa kama hawa wenu, yai lake likiachwa ardhini, hukaa miezi 8, 10, hata 14. Jike wangu alitaga mwisho wa Julai, kusi inavuma hata nguo kambani hazitulii. Niliandika kwenye kalenda ya duka la mchele ili nisije nikabishana na mtu. Mtoto wa kwanza alitoka Mei, siku ya tatu tangu mvua ianze. Kati ya Januari na Machi, kaskazi na jua lile, udongo wa uani hukauka ukawa kama sakafu. Huenda watoto wamekwisha kamilika huko chini, lakini watapitia wapi? Wanatulia, wanangoja udongo uwe laini. Huku kwetu mkunga wa kobe ni mvua. Nawajua watu wawili, mmoja huku Malindi na mmoja Gede, waliokata tamaa mayai yalipofika miezi kumi na moja wakafukua wakayatupa kwa kunguru, na ndani mlikuwa na watoto wazima wenye kucha.

Mwanao mkubwa ana akili, mwambie nimesema hivyo. Baba yao ni yule yule marehemu. Jike wa kobe akishapandwa huweza kuihifadhi mbegu ya dume mwilini, hai, miaka miwili, mitatu, akawa anaitumia kidogo kidogo kila anapotaga. Basi hata mwakani msishangae. Na kwa mwaka mmoja huweza kutaga zaidi ya mara moja, akaacha majuma kadhaa kati ya shimo na shimo, kwa hiyo kabla ya kupanda mchicha kwenye ua huo fikiri mara mbili.

Na mama yao usimlaumu. Kobe hana malezi. Kazi yake imeishia pale aliposhindilia udongo. Hawajui, na hata akiwakanyaga hatajua, ndiyo maana nakuomba uwatenge leo leo. Jike mzima wa kilo kumi akimpitia mtoto wa gramu 30, huwezi kumwita msaliti.

Boksi na balbu hapana. Jirani yako ana nia njema, lakini hayo ni mambo ya Ulaya kwenye theluji. Hapa tatizo letu si baridi. Ndani ya boksi lenye balbu watakauka kama dagaa, na mtoto wa kobe akikua katika ukavu gamba huota vilima vilima, kila kigae kikasimama kama kichuguu. Haliteremki tena hilo. Wanataka jua lenyewe la asubuhi. Ngozi ikipigwa na jua ndipo mwili unapotengeneza vitamini D, na bila hiyo chokaa ya chakula haiendi kwenye mfupa. Usiwaweke dirishani ukasema wanapata jua; kioo huzuia ile sehemu ya mwanga wanayoihitaji. Panga matofali kwenye ukoka, upana wa mkeka wa kuswalia unatosha kwa sasa, nusu iwe kivulini. Weka kigae cha paa au kifuu kilichopasuliwa wajifiche chini yake. Mchana ukiwa mkali nyunyiza maji kwenye majani.

Juu funika. Hili sitalisema kwa upole. Weka wavu ambao kidole chako cha shahada hakipiti, kisha weka jiwe kila pembe. Adui wa kwanza hapa mjini ni kunguru, huyu mwenye shingo ya kijivu, ambaye hata si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 akasambaa pwani nzima. Nilimwona mmoja kwa macho yangu amempandisha mtoto wa kobe juu ya bati la jirani, anamgonga kama anavunja kungu. Mtoto wa kobe gamba lake bado ni kama ukucha, unaweza kulibonyeza kwa kidole gumba. Baada ya kunguru kuna paka, panya, kenge, nguchiro. Na siafu. Siku siafu wanapohama baada ya mvua, waingize watoto ndani ya nyumba, uwaweke kwenye beseni, na usiku huo usilale fofofo.

Maziwa na mkate, mwambie mama mkwe kwa adabu zako zote kwamba vitawaharisha. Kobe hakuumbiwa maziwa. Hakunyonya, mama yake hakunyonya, na tumbo lake halina cha kuyasagia. Mkate, wali, sima, dagaa, chakula cha paka, vyote weka mbali. Siku mbili tatu za mwanzo huenda wasile kitu kabisa kwa sababu ya kile kiini nilichokuambia. Baadaye wape wanachokula mama zao porini: ukoka uliokatwa mdogo mdogo, majani ya gugu liitwalo kongwe, ua la haibiskasi, kipande cha mpungate ulioondolewa miiba. Sukuma wiki kidogo si vibaya, ila isiwe ndiyo chakula cha kila siku kwa sababu tu ipo sokoni na ni rahisi. Tunda ni la sikukuu. Chokaa usinunue: tembea ufukweni maji yakitoka, okota ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi au dome ambao watoto huandikia ukutani, uoshe, uuanike, uuweke pembeni. Watautafuna wenyewe. Porini kobe hawa hutafuna hata mifupa mikavu na mavi meupe ya fisi, wanafuata chokaa hiyo hiyo.

Maji: kisahani cha kikombe cha kahawa, maji yafike chini ya kidevu, yasizidi hapo. Kila asubuhi waweke humo dakika kumi au kumi na tano. Watainamisha kichwa wanywe kwa pua na mdomo pamoja, halafu wengine watatoa kitu cheupe kama uji wa chokaa. Huo ni mkojo wao, usikimbilie daktari. Mwaga maji, osha kisahani, na watoto waliowashika wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mahamri, kwa kuwa kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa.

Nimebakiza lile ambalo hukuniuliza. Baba mkwe alikuachia kobe. Je, alikuachia na karatasi? Katika nchi yetu kobe ni mnyamapori, hata awe amezaliwa chini ya mkilifi wako na anajibu ukimwita. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Najua nyumba nyingi za Malindi zina kobe na hakuna aliyewahi kuulizwa, lakini jana ulikuwa naye mmoja na leo unao watano, na kesho habari itafika barazani. Nenda mwenyewe kabla hawajakujia. Ofisi yao iko Casuarina, pale pa kuingilia Hifadhi ya Bahari. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, tangu baba mkwe mpaka mvua. Aendaye mwenyewe husikizwa vingine.

Na usiuze. Atakuja mtu, nakuambia mapema, atakuja na noti na maneno matamu, atasema ni kwa ajili ya rafiki yake mgeni anayependa wanyama. Kobe wa madoa wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya wanyama na mimea ya pori baina ya nchi, na mtoto wa ukubwa huu huingia hata kwenye soksi ndani ya begi. Vile vile usije ukawabeba ukaenda kuwaachia msitu wa Arabuko-Sokoke ukidhani unafanya wema. Kobe aliyeishi na kuku na mbuzi anaweza kwenda na ugonjwa ambao kobe wa msituni hawaujui. Kama ni kuachiwa, KWS ndio waamue.

BARUA YA PILI

Asalaam alaikum mzee. Niko Lamu, Langoni. Nilikuwa nachimba kiwandani, yaani uani, nipande mpapai, jembe likatoa mayai meupe sita. Mawili yalivunjika. Manne nimeyaosha nikayaweka kwenye bakuli juu ya kabati, leo siku ya nne. Kobe wetu mmoja ni wa siku nyingi, sikumdhania kabisa. Jirani ana kuku anayeatamia, ameniambia niyaweke humo. Yataanguliwa?

JIBU

Wa alaikum salaam. Kuku hapana! Kuku akiatamia huyageuza mayai mchana kutwa, ndiyo kazi yake, na kifaranga hukihitaji kile kigeuzo. Yai la kobe ni kinyume chake. Siku chache baada ya kutagwa, mtoto hujibandika sehemu ya juu ya ganda na kuanza kukua hapo hapo. Ukilipindua yai, unampindua yeye chini ya uzito wa kiini chake mwenyewe, na hapo husongwa akafa. Kwa hiyo kuku wa jirani atakuulia yote manne kwa mapenzi.

Mambo uliyoyafanya mawili hayakuwa mazuri, kuyaosha na kuyatia kwenye bakuli bila kujua upande gani ulikuwa juu. Lakini yamepita. Kama yalikuwa yametagwa siku ile au jana yake, huenda hayakudhurika. Kama yana miezi, matumaini ni machache, sikufichi. Chukua penseli, si kalamu ya wino, utie alama juu ya kila yai hivi hivi lilivyokaa sasa. Usiku zima taa, weka mwanga wa simu nyuma ya yai bila kuligeuza. Ukiona vishipa vyekundu kama mizizi ya mchicha, yuko hai. Ukiona manjano tupu, huenda ni bichi au ni tupu, lipe muda. Lenye harufu litupe.

Kisha yarudishe ardhini, kiwandani hapo hapo penye jua la asubuhi, chini ya udongo kama shibiri moja, alama za penseli zikitazama juu. Funika kwa wavu uliobanwa na mawe, kwa sababu nawajua paka wa Lamu. Halafu usahau. Mpapai upande pembe nyingine.

BARUA YA TATU

Shikamoo babu. Niko darasa la tano, Shella, Malindi. Tuna kobe, nimehesabu mistari kwenye kigae kimoja cha gamba lake nikapata 23. Rafiki yangu anasema basi ana miaka 23. Mimi nataka kujua ni kweli, na pia kama ni mvulana au msichana, na kama ataishi kuliko mimi.

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Umehesabu vizuri, lakini ile mistari si kalenda. Gamba likikua huongeza mstari, na gamba hukua kobe akila vizuri. Mwaka wenye masika mazuri na vuli nzuri huweza kuacha mistari miwili, mwaka wa ukame usiache hata mmoja. Kobe mzee naye hujikuna kwenye kuta mpaka mistari ikafutika. Muulize bibi yako amemkuta lini kobe huyo. Jibu la bibi litakuwa karibu na ukweli zaidi.

Mgeuze kidogo tu, taratibu, umtazame tumboni, kisha umrudishe upesi kwa sababu hapendi. Tumbo likiwa limebonyea ndani kama bakuli na mkia ni mrefu mnene, ni dume. Tumbo likiwa bapa na mkia mfupi, ni jike. Na hili litakufurahisha: siku alipotagwa hakuwa mvulana wala msichana. Joto la udongo ndilo liliamua, wakati yai linakaa chini. Kwa kobe wa madoa, udongo wa digrii 28 hivi huelekea kutoa madume, wa digrii 32 huelekea kutoa majike. Yai la kivulini na yai la juani, mama mmoja, huenda wakawa kaka na dada.

Kuhusu kuishi, kobe wa madoa akitunzwa hufika miaka 50 na zaidi. Wale wakubwa wa kisiwa cha Aldabra, huko Shelisheli, hupita hapo. Baba yako anamkumbuka Owen: mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake kwenye miamba ya bahari hapa hapa Malindi, mara tu baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watu walimvua kwa nyavu za samaki, akapelekwa Haller Park, Mombasa, na huko akaenda moja kwa moja kujibanza nyuma ya kobe mmoja wa Aldabra aliyeitwa Mzee. Mzee wakati huo alikadiriwa kuwa na miaka 130. Mwanzoni alimzomea yule kiboko. Baadaye wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja. Nilikwenda kuwaona. Mzee alikuwa anatafuna majani na hakunitazama hata mara moja.

BARUA YA NNE

Salamu babu. Mimi kijana wa Mambrui. Majuzi, baada ya mvua, niliokota katoto ka kobe njiani karibu na mashamba. Nakumbuka shuleni tulifundishwa kasa wadogo wasaidiwe kufika baharini. Nikakabeba mpaka ufukweni nikakatia majini, kakazama. Rafiki zangu wananicheka. Nilikosea?

JIBU

Ulikosea, mwanangu, na kacheko ka rafiki zako hakasaidii. Ulimzamisha.

Kasa na kobe ni ndugu, lakini mmoja ni wa maji na mwingine ni wa nchi kavu. Mtazame miguu. Kasa ana mapezi, bapa kama kafi ya mtumbwi, na mikono mirefu kuliko miguu. Kobe ana miguu minene kama ya ndovu, yenye kucha, na magamba magumu mbele. Mgongo wa kobe ni kama kuba, wa kasa umelala. Na kasa wadogo hutoka usiku, kwenye mchanga wa ufukwe, wengi kwa mpigo. Ulimwokota huyu peke yake, njiani karibu na mashamba.

Mwingine ukimwona njiani, mvushe barabara upande ule ule aliokuwa anaelekea, umweke chini ya kichaka, uende zako. Usimbebe nyumbani, Mama wa Maweni ameshasikia sababu. Na ukikuta kasa wadogo kweli wamepotea ufukweni kwa sababu ya taa za mahoteli, hapo ndipo uwaite KWS au wale watu wa kasa wa Watamu, wao wanajua la kufanya.

Mwezi ujao narudi kwa kuku. Barua za utitiri zimejaa droo mpaka haifungi.